Unaagiza geti kwa fundi? Lipia chuma, usilipie ahadi

Ukishuka Gikomba ukielekea Kamukunji, masikio ndiyo yanafika kwanza. Nyundo na bati, bati na nyundo, tangu asubuhi mpaka jioni. Masanduku mengi ambayo watoto wa bweni hubeba Januari hutoka hapo, pamoja na majiko, makarai, wilbaro na vile vikaangio vya chipsi unavyoviona kila stendi. Jina jua kali lenyewe lilitokana na mafundi wa aina hii, waliopiga kazi bila paa huku jua likiwachoma mgongo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ambayo iliwafanya wataalamu wa uchumi waanze kuzungumzia sekta isiyo rasmi kwa uzito. Fundi mwenyewe hakungoja ripoti. Alikuwa kazini.

Sasa, sanduku la shule halina shida. Unalikuta limeshaundwa, unaligonga kidogo kuonyesha kwamba unajua vitu, mnabishana bei, unalipa na unabeba. Kitu cha kuagiza ni hadithi nyingine kabisa. Geti la upana wa kiingilio chako, grili za madirisha, rafu za duka, ngazi ya kuzunguka, stendi ya maua ya bustani, meza ya mbao za zamani yenye miguu ya chuma: hivi vyote unavilipia kabla havijakuwepo duniani. Kati ya siku unayotuma pesa na siku unayoona kitu kuna wiki mbili, tatu, wakati mwingine miezi. Malalamiko ya "fundi amekula pesa yangu" karibu yote yanazaliwa humo katikati.

Wengi wetu tunadhani tatizo ni wizi. Wezi wapo, na tutafika kwao. Lakini ukikaa karibu na karakana siku chache utaona kitu tofauti. Fundi anapokea kazi yako leo na kuomba asilimia 70. Unamtumia. Jioni hiyohiyo kuna mteja wa wiki tatu zilizopita anayempigia simu kila saa, geti lake bado halina bawaba wala rangi, kwa sababu pesa yake ilimalizia geti la mteja aliyemtangulia. Pesa yako inanunua bawaba za yule. Ili geti lako lianze, fundi sasa anahitaji mteja mwingine aje na malipo yake ya kwanza. Anafungua shimo hapa kuziba shimo pale. Biashara ikichangamka, mzunguko unaenda na hakuna anayejua. Januari ikifika, watu wakiwa na karo na mifuko mitupu, oda zinakauka na yule wa mwisho kwenye foleni anabaki bila geti na bila pesa. Fundi si mwizi hapo. Hana mtaji, basi. Lakini kwako wewe uliyechangiwa na chama ili ufunge boma, tofauti ni ndogo sana.

Ndiyo maana ushauri tunaotoa kwa wateja wetu hauanzii kwa "tafuta fundi mwaminifu". Uaminifu huwezi kuupima kwa macho. Unachoweza kufanya ni kupanga malipo kiasi kwamba pesa yako haina njia ya kwenda kumalizia geti la mtu mwingine.

Tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za mfano tu, kwa sababu bei ya chuma haikai mahali pamoja. Umekubaliana na fundi geti la Sh60,000. Kabla hujatuma hata shilingi, mwombe akuandikie orodha ya vifaa. Fundi anayejua kazi ataiandika kwa dakika kumi: tyubu za mraba za fremu ni ngapi, za urefu gani (tyubu moja huuzwa ikiwa na mita 6, karibu futi 20), bamba la kufunika ni shiti ngapi, bawaba, komeo, elektrodi za kuchomelea, diski za kukatia, redi oksaidi na rangi ya juu. Tuseme vifaa vinafika Sh38,000. Leba ni Sh18,000. Usafiri na kufunga ni Sh4,000. Jumla ni 60,000.

Ukifuata mtindo wa kawaida wa asilimia 70, unatuma Sh42,000 kwa simu ya fundi na unaanza kuomba Mungu. Ukifuata huu mwingine, mnaenda na fundi hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, au unabaki kazini kwako na yeye yuko dukani kwa simu, na ile Sh38,000 unailipa moja kwa moja kwa namba ya till ya hadwea. Risiti inaandikwa kwa jina lako. Kuanzia dakika hiyo chuma ni chako, hata kama kimelala kwenye karakana ya mtu. Yule mteja mwingine anayepiga simu kila saa hawezi kutengenezewa geti kwa tyubu ambazo risiti yake unayo wewe. Kusema ukweli anaweza, kama fundi ameamua, lakini sasa hilo lina jina lake na lina ushahidi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina la biashara. Ni hatua ndogo ambayo watu hupita nayo mbio. Kama duka limeandikwa jina moja kwenye ubao na meseji inaonyesha jina la mtu binafsi usiyemjua, simama na uulize. Wakati mwingine kuna maelezo ya kweli, mwenye duka alisajili till kwa jina lake. Wakati mwingine namba iliyobandikwa kaunta ni ya kijana wa duka, na pesa haifiki kwa mwenye mali. Muulize mwenye duka mwenyewe, uso kwa uso au kwa simu.

Leba inabaki Sh18,000, na hiyo ndiyo ya fundi, tena ni haki yake kuipata kwa wakati. Usimbanie. Mtu anayeshinda akikodolea macho mwale wa kuchomelea ana nauli, ana chakula cha mchana, ana msaidizi anayemdai kila jioni. Mpe kiasi, tuseme Sh5,000, siku chuma kinapokatwa na umeona picha. Mpe nyingine Sh6,000 fremu ikisimama, kabla ya rangi. Hapo kabla ya rangi ndipo pa kwenda mwenyewe kama unaweza, kwa sababu rangi huficha dhambi nyingi. Angalia pale vyuma viwili vinapokutana: mshono uliojaa na unaoendelea ni kazi, vidoti viwili vitatu vilivyosawazishwa na grainda ni mapambo. Kinachobaki, pamoja na usafiri, kinalipwa geti likiwa limefungwa nyumbani kwako.

Kuna mafundi watakataa mpango huu. Wengine watakwambia wana bei yao maalumu kwa hadwea fulani na hawataki ujue. Hiyo ni kweli, fundi wa kudumu hupunguziwa, na faida hiyo ndogo ni sehemu ya mshahara wake. Suluhisho ni rahisi: mwongezee leba kidogo na mlipie duka analolipenda yeye, mradi pesa iende dukani. Akikataa hata hivyo na kusisitiza pesa yote ije kwa simu yake leo, kabla saa kumi, kwa sababu "bei inapanda kesho", mimi ningetafuta fundi mwingine.

Turudi kwa ile orodha ya vifaa, kwa sababu kuna neno moja humo linalokula pesa kimyakimya: geji. Geji ni unene wa ukuta wa tyubu au bamba, na hesabu yake iko kinyume, namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba. Tyubu ya geji 14 ina unene wa kama milimita 2, ya geji 16 kama milimita 1.5, ya geji 18 kama milimita 1.2. Ukizitazama zimepakwa rangi, zote ni tyubu. Fundi akikuandikia "tyubu inchi moja na nusu" bila geji, hajakuandikia kitu. Unakubaliana bei ya 16, inanunuliwa 18, na tofauti inabaki njiani. Geti kubwa la fremu ya geji 18 litaanza kulegea na kuburuza chini, na kila asubuhi utakuwa unaliinua kwa bega ili litoke. Hakikisha risiti ya hadwea imeandika geji. Fundi akiwa amekata, tazama ncha iliyokatwa, pale unene unaonekana wazi, na kama una rula ya milimita, ipime. Haichukui dakika.

Sasa tuje kwa vitu vya zamani, maana siku hizi nusu ya maombi ni hayo. Watu wanataka meza za paleti, viti vya pipa, taa za gia za gari, fremu za kioo za mbao za majahazi kama zile za Lamu na Watamu. Na Kenya ina sifa hapa. Kioko Mwitiki anajulikana kwa sanamu za wanyama, tembo na wenzake, alizochomelea kwa vyuma chakavu. Kitengela Glass, iliyoanzishwa na Nani Croze pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, inayeyusha vioo vilivyotupwa na kuvigeuza glasi, taa na vigae. Kwa hivyo hakuna anayeweza kukwambia kwamba chakavu ni cha maskini.

Lakini bei ya chakavu inachanganya watu. Tunadhani kwa kuwa pipa lilikuwa linatupwa, kiti chake kitakuwa bei ya kutupa. Si hivyo. Pipa lenyewe ni pesa kidogo, kazi ndiyo ghali: kuosha, kukata, kunyoosha, kukunja kingo zisikate mtu, kusugua kutu yote, kupaka upya. Kwa kazi za chakavu leba huwa kubwa kuliko vifaa, kinyume cha geti jipya. Kwa hiyo mpango wa kulipia hadwea hausaidii sana hapa. Gawanya ile leba vipande vidogo zaidi, vinne au vitano, kila kimoja kikifuata picha.

Na kuna maswali matatu ya kuuliza ambayo hayahusu urembo hata kidogo.

Swali la kwanza ni pipa lilibeba nini. Pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta au kemikali hubaki na mvuke ndani hata likionekana kavu, na moto wa kukatia ukiguswa hapo linaweza kulipuka kama bomu. Mafundi wenye uzoefu huosha pipa na kulijaza maji kabla ya kulikata. Kwako wewe mteja, hasa kama unataka jiko la nyama choma, pipa la kemikali za shamba au la rangi halifai kabisa, hata likisuguliwa mpaka ling'ae. Tafuta lililobeba kitu cha chakula. Vilevile chuma chenye zinki, kama bati la mabati au bomba la maji la zamani, kisikae karibu na moto wa chakula, na fundi anayekichomelea bila hewa ya kutosha anajipa homa ya moshi.

La pili ni muhuri wa paleti. Paleti zilizosafiri nje ya nchi huwa na muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona herufi HT, mbao ziliuawa wadudu kwa joto, na hizo ni sawa kwa meza, kitanda au sanduku la mboga bustanini. Ukiona MB, zilifukizwa kwa dawa inayoitwa methili bromaidi. Hizo waachie wengine, hasa kama ni za chumba cha mtoto au zitagusana na udongo wa sukuma wiki. Mwombe fundi akutumie picha ya muhuri kabla ya kupiga randa, kwa sababu randa ikipita muhuri umekwenda.

La tatu ndilo linaloweza kukuingiza kwenye shida ya sheria: chuma kimetoka wapi. Januari 2022, baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa na wezi wa vyuma, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ipo, na inamtaka mfanyabiashara wa chakavu awe na leseni. Kwa hivyo fundi akikupa bei nzuri ya ajabu kwa vyuma vya reli, kwa kingo za barabarani, kwa nguzo za umeme au mifuniko ya mitaro ili akutengenezee benchi ya bustani, benchi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni umma. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, lipa kwa till yake, na weka risiti. Karatasi hiyo ndiyo itakayoongea kama kuna siku mtu atauliza.

Sasa wezi wenyewe. Mtindo wao si wa karakana, ni wa simu. Ukurasa una picha za mageti mazuri sana, yaliyokatwa maua kwa mashine, bei nusu ya mtaani. Ukiuliza karakana iko wapi unaambiwa "tunaleta popote nchini". Unatuma malipo ya awali, au arbuni kama wanavyosema Pwani, na siku ya pili namba haishiki. Mara nyingi picha hizo ni za mafundi wengine, wakati mwingine wa nchi nyingine. Dawa yake ni kuomba simu ya video, sasa hivi, fundi akiwa karakanani, akuonyeshe kazi iliyo mezani leo. Mwenye karakana hatakasirika, atazungusha simu na utasikia grainda. Asiyekuwa nayo atakuwa na mtandao mbaya siku hiyo, na siku inayofuata pia.

Na wewe fundi unayesoma hapa, maana tunajua mko wengi, upande wako una hatari zake. Mteja anaagiza geti la upana wa futi 11 na nusu lenye herufi za majina ya watoto wake, halafu anapotea. Utamwuzia nani? Ndiyo maana hata wewe unafaa kupenda mpango wa mteja kulipia hadwea: hujaweka mtaji wako kwenye majina ya watoto wa mtu. Halafu kuna ile meseji ya uongo. Mteja amefika na pikapu, anakuonyesha meseji kwamba ametuma, na kweli kuna meseji kwenye simu yako. Usiangalie meseji, angalia salio. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio haliandikwi na mtu. Geti lisipande pikapu kabla hujaliona ongezeko hilo kwa macho yako. Na ukipokea kwa till badala ya namba yako binafsi, taarifa ya mwezi inakuwa daftari la mauzo ambalo hukuhitaji kuliandika.

Mambo yakiharibika, wateja wengi hutupigia wakitaka turudishe pesa. Hapa tuseme wazi. Kurejesha muamala ni kwa ajili ya pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi. Kama ulimtumia fundi uliyemkusudia na akachelewa au akaharibu kazi, huo si muamala wa makosa, ni mgogoro wa biashara, na sisi hatuwezi kuingia mfukoni mwa mtu kwa sababu mmekosana. Lakini hujakwama. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Huhitaji wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kusajiliwa. Unachohitaji ni ushahidi, na ukilipa kwa hatua tayari unao: taarifa ya miamala yenye tarehe, risiti ya hadwea, picha za kila hatua, na ujumbe wa WhatsApp unaosema vipimo, geji, rangi, bei na siku ya kumaliza. Ujumbe huo uandike hata kama fundi ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako. Mstari mmoja wa "tumekubaliana hivi, sawa?" na jibu lake la "sawa" vinatosha kuanzia.

Imebaki ile pesa ya mwisho. Usiitume geti likiwa bado kwenye pikapu, hata dereva akilia kwamba anachelewa. Subiri lisimame kwenye nguzo zake. Lifungue na ulifunge mara kumi, ukitumia mkono mmoja. Tia ufunguo, zungusha, toa, rudia ukiwa upande wa ndani. Piga macho chini ya fremu, pale maji ya mvua yatakusanyika, uone kama rangi imefika huko au iliishia panapoonekana. Kama uko Mombasa, Kilifi au popote hewa ya chumvi inapofika, angalia mishono na kona kwanza kwa sababu kutu huanzia hapo, na mwulize fundi kama redi oksaidi ilipakwa kabla au baada ya vumbi la kutu kusuguliwa. Kama kuna kona imebaki wazi, mwache apake hapohapo, mkebe wa rangi huwa hauko mbali. Halafu toa simu, soma jina, tuma.